Mstari Mwekundu wa Mukombwe

Substitut Zacharie, mwendesha mashtaka, alitaka dossier ya kesi ya Kaumba ifungwe kabla treni ya kesho haijaondoka kwenda Lubumbashi. Mpelelezi wake, OPJ Ndaya, alimjibu, mbele ya makarani wake wote, kwamba haitafungwa. Kwa hiyo asubuhi ile, badala ya kuwa ofisini akipiga mihuri kama afisa mwenye adabu zake, alikuwa amejibana kwenye dawati la nyuma katika darasa moja la shule ya Wamethodisti mjini Kamina, akisubiri kufundishwa namna ya kuusoma mlima kutoka angani.

Ilikuwa wiki nzima sasa anakuja hapo. Polisi wenzake walimcheka mpaka wakachoka. "Mama Ndaya anatafuta muuaji mbinguni," walisema kila akipita na mfuko wake. Aliwaacha wacheke. Afisa wa polisi ya mahakama ana kazi moja, nayo ni kulijua jambo kabla ya kuliandika, na jambo hili lilikuwa limejengwa juu ya picha ambayo pale ofisini hakuna hata mtu mmoja aliyejua kuisoma. Walikuwa wameibandika ndani ya dossier, wakaipiga muhuri, basi. Hilo lilimuudhi Ndaya kuliko vicheko.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mwezi wa Desemba, udongo uliporomoka kwenye Mlima Mukombwe, ng'ambo ya Kinkondja, ukamfukia Guylain, fundi wa mradi wa kuchunguza milima. Mkuu wake, Amédée, aliapa kwamba naye alikuwa mlimani siku ile. Alisema alipita juu kabisa, mgongoni mwa mlima, na kutoka huko alimwona mkulima Kaumba akichimbua ukingo kwa jembe juu ya kichwa cha Guylain, mpaka udongo ukaachia. Akatoa na ushahidi: picha ya setelaiti ya mwezi huohuo wa Desemba, na juu yake mstari mwekundu wa njia aliyopita. Jembe la Kaumba lilikutwa kwenye tope. Na kijiji kizima cha Kitobo kilikuwa kimemsikia Kaumba, siku moja kabla, akimtukana Guylain matusi ya kutosha mwaka mzima.

Jembe, matusi, na shahidi msomi aliyevaa shati jeupe. Mtu angetaka nini zaidi? Ndaya alitaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliokota lile jembe, akilikuta limelala juu ya tope, safi kwenye mpini. Kama Kaumba alichimba kabla udongo haujaporomoka, jembe lake lilikuwaje juu ya udongo badala ya kuwa chini yake? Alipomuuliza Substitut swali hilo, aliambiwa majembe yana bahati zao.

"Leo hatutafute miti wala mashamba," alisema Noémie pale mbele, huku akiunganisha kompyuta yake na projekta kwenye betri ya jua. Noémie alikuwa mwalimu wa jiografia, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, na yeye ndiye aliyewafundisha watu wa mradi ile elimu inayoitwa télédétection, ya kuchunguza ardhi kwa picha za angani bila kuikanyaga. "Leo tunatafuta umbo ya mulima. Hii picha ni ya Desemba, siku moja mawingu ilifunguka. Kila muntu akamate kalamu, achore crête pale anaiona."

Crête ndiyo mgongo wa mlima, mahali pa juu kabisa ambapo maji hugawanyika yakashuka pande mbili. Kila mwanafunzi alikuwa na karatasi yake. Ndaya alichora bila wasiwasi, maana mgongo ulionekana waziwazi, umetuna kama mshipa wa mkono. Alijisikia vizuri. Baada ya wiki ya kutoona kitu ila madoa ya kijani, hatimaye alikuwa ameona mlima.

Noémie alipita kati ya madawati, akatazama karatasi moja baada ya nyingine, akaanza kucheka.

"Pole," alisema. "Mote muko mu mayi. Ile munaita crête njo ravin."

"Madame, macho yangu haiko mbovu!" mwalimu mmoja wa hesabu alilalamika. "Iko inapanda, ninaona!"

"Macho yako iko muzuri kabisa, Papa. Njo shida yenyewe. Mwezi ya sita, jua iko wapi kwetu?"

"Inakuwa kule kaskazini."

"Na Desemba?"

"Imepita kichwa yetu. Iko kusini."

"Njo vile. Sasa sikilizeni. Setelaiti inapita asubuhi, na picha inakaa kaskazini yulu. Mwezi ya sita mwanga inaingia kutoka yulu ya picha, na macho yetu inazoea mwanga ya kutoka yulu, tangu tunazaliwa. Desemba mwanga inaingia kutoka chini. Macho inakataa. Inageuza mulima mwote: pale kunapanda inaona kunashuka, pale kunashuka inaona kunapanda. Haiko bujinga. Ni macho ya muntu tu."

Akaigeuza picha ukutani kichwa chini, miguu juu.

Darasa zima liliguna. Mgongo ule mnene ulizama mbele ya macho yao ukawa korongo, na mabonde mawili yaliyokuwa kando yake yakainuka yakawa migongo ya mawe. Hakuna kitu kilichobadilika ila upande wa karatasi. Ndaya alisubiri wenzake watoke kwenda kunywa chai, kisha akafungua mfuko wake na kuitoa picha ya Amédée, ile yenye mstari mwekundu.

"Madame Noémie, nigeuzie na hii."

Ilipokuwa imekaa kama Amédée alivyoitoa, mstari mwekundu ulipita juu ya mgongo wa Mukombwe, umenyooka, wenye fahari. Ilipogeuzwa, mstari ulianguka korongoni na kulifuata chini kabisa, kila kona yake, mpaka mwisho.

Noémie alikunja uso. Alitafuta picha ya Mukombwe ya mwezi wa sita, akailaza kando ya ile. Pale penye mstari palikuwa na korongo. Kisha akaleta vipimo vya urefu vya rada, maana rada hutuma mawimbi yake yenyewe wala haingoji jua liimulikie. Palepale penye mstari, vipimo vilishuka.

"Ravin," alisema. "Hakuna mashaka."

"Amédée ulimufundisha mwezi gani?"

"Mwezi ya saba. Kozi yake yote ilikuwa mu kiangazi, na picha zote zilikuwa za kiangazi. Hii somo ya Desemba hatukuifika." Noémie alizima kompyuta, akamtazama. "Lakini, Mama Ndaya, hii inaonyesha mustari iko mubaya. Haionyeshe kama muntu iko mubaya. Anaweza kukuambia alipita ku crête ya kweli, na mukono yake ilikosea wakati ya kuchora."

"Najua. Njo mulango ya kwanza ataikimbilia," alisema Ndaya. "Nitaenda kuifunga mbele yake."

*

Kaumba alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, ndani ya cachot, chumba cha mahabusu. Alikuwa mzee kidogo kuliko Ndaya, mkulima wa mihogo na mahindi, Mkatoliki wa ukoo ambao umelima chini ya Mukombwe tangu babu wa babu. Mbele yake kulikuwa na karatasi ambayo hakuigusa. Karatasi ilisema kwamba alichimba bila kukusudia kuua, na aliahidiwa kwamba akiitia sahihi atahurumiwa.

"Wakomapo, Papa Kaumba."

"Wakomapo, mama. Weye pia unaleta kalamu?"

"Hapana. Naleta maulizo."

"Basi ikala. Kalamu balishaleta mingi."

Ndaya aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakutaja mstari, hakutaja picha. Shahidi ukimwonyesha unachotaka kusikia atakupa hichohicho, na yeye hakutaka zawadi.

"Mukombwe iko na migongo ngapi?"

"Mbili. Kila mutoto ya Kitobo anajua."

"Na katikati?"

"Katikati iko mayi. Ku kiangazi unapita na miguu, unaokota mawe. Desemba?" Kaumba alicheka kwa pua. "Desemba ile mayi inabeba miti na mizizi yake. Hata mbuzi haishuke kule. Muntu akingia kule Desemba, munaenda kumutafuta mu ziwa."

"Ukisimama ku mugongo moja wala ingine, unaona pale udongo ilianguka?"

"Huone kitu. Bega ya mulima inafunika. Mpaka ukipanda huku kwetu, ku mashamba." Akamkazia macho. "Juu ya nini unauliza?"

"Niambie ya jembe."

"Nilishasema. Balicheka. Nilisikia mulima inalia, nikakimbia kule na jembe. Nilikuwa nachimbula muntu, mama. Sikuwa nachimba mulima."

"Na matusi?"

Hapo Kaumba aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. "Matusi ni kweli. Ule mutoto alikuya na mashini yake, akaniambia nihamishe bibi na batoto, asema setelaiti inaona mulima yangu inatembea. Nilimuambia mulima ya bababu haitembee. Nilimutukana yeye na mashini. Kesho yake alirudia, mu mvula, kuniambia tena. Alirudia kwa sababu yangu." Akaisukuma karatasi kwa kidole cha mguu. "Kwa ile, Mungu aniulize. Lakini hii sitie sahihi. Banipeleke Lubumbashi, banipeleke kwenye banataka. Bwongo sitie."

Ndaya aliiokota ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwake. Haikuwa ruhusa kuchukua karatasi ya Substitut, naye alilijua hilo vizuri sana.

*

Amédée alikuja shuleni baada ya saa za masomo, amepigwa pasi kuanzia kola mpaka soksi. Alikuwa mtoto wa karani wa reli, mjukuu wa mchungaji, na sauti yake ya tenor ilikuwa inajulikana Kamina nzima. Ndaya mwenyewe alikuwa ameimba katika kwaya ya kanisa, safu moja nyuma yake, kwa miaka. Mama yake Amédée alikuwa ameshafika kwa Ndaya mara mbili wiki ile, na kuku, na machozi, kumkumbusha kwamba watu wa kanisa moja hawavunjiani nyumba. Ndaya alimrudishia kuku.

Substitut Zacharie naye alikuja, akakaa kwenye dawati la mbele, mkoba juu ya mapaja, sura ya mtu aliyeitwa kutazama mchezo wa watoto.

"Mama OPJ, niko na treni ya kupakiza mufungwa," alisema. "Fanya mbio."

"Ndiyo, Monsieur le Substitut. Amédée, karibu. Simama hapa ku picha."

Ilikuwa ukutani, kubwa, kama Amédée mwenyewe alivyoitoa, kaskazini juu. Noémie alikaa kando ya kompyuta na mikono mapajani.

"Yaya Ndaya, nilishaeleza hii yote," alisema Amédée kwa upole, akimwita yaya, yaani dada mkubwa, kama kanisani.

"Unieleze tena. Minyi niko mwanafunzi sasa, sielewe haraka. Siku ile ulipita wapi?"

"Ku crête. Sawa mustari inaonyesha." Alipitisha kidole juu ya mstari, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kusita.

"GPS yako iliandika njia?"

"Batterie ilikufa. Nilichora mangaribi, jua ikizama, ku Kinkondja, wakati kichwa ilikuwa ingali safi."

"Viatu yako ilikuwa namna gani?"

"Mikavu. Kule yulu upepo inakausha kila kitu."

"Upande ya kushoto uliona nini?"

"Mutoni. Iko pale chini, inaonekana." Kidole kilionyesha. "Nilisikia na sauti ya mayi."

"Na kuume?"

"Mutoni ingine. Mukombwe iko vile: mitoni mbili, na crête katikati."

"Ulishukia wapi?"

"Kushoto. Nilivuka ule mutoni. Mayi ilinifika ku magoti, nilipoteza mpaka kofia."

"Kofia!" alisema Ndaya. "Pole. Na Kaumba ulimuona kutoka wapi?"

"Kutoka hapa." Aligonga katikati ya mstari. "Alikuwa chini yangu, na jembe. Nilimuona sawa niko nakuona weye."

"Hakuna kitu ilikufunika? Bega ya mulima, miti?"

"Hakuna. Mbele yangu ilikuwa wazi."

Zacharie alitazama saa yake. Ndaya alimwomba Amédée aweke sahihi chini ya majibu yake, naye aliweka, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Alipomaliza, Ndaya alimwashiria Noémie.

Picha ikageuka ukutani, chini ikawa juu.

Substitut alikuwa amesimama kabla hajajua kwamba amesimama. Alisogea ukutani, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine. Mstari mwekundu ulikuwa umelala chini ya korongo.

"Hii ni mazingaombwe gani?"

"Hakuna mazingaombwe, Monsieur," alisema Noémie, na kwa maneno machache akamweleza jua la Desemba, mwanga wa kutoka chini, na jicho linalopindua mlima. Akamwonyesha picha ya mwezi wa sita. Akamwonyesha vipimo vya rada. Zacharie alikuwa mtu wa kukaza kichwa, lakini hakuwa mjinga. Alifuata kila kitu kwa kidole, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole.

Amédée alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu wa kwao.

"Ah, hii. Ni kosa ya mukono. Nilitembea ku crête ya kweli, mangaribi nikachora mubaya. Kila muntu anaona kama vile, Yaya Ndaya. Hata weye ungechora pale."

"Nilichora palepale," alisema Ndaya. "Asubuhi ya leo, ku karatasi yangu, na Madame alinicheka. Lakini minyi sikuapa mbele ya Mungu kama nilitembea pale."

Kicheko kikakatika.

"Tuseme ni mukono," Ndaya aliendelea, naye sasa alikuwa amesimama karibu naye kabisa. "Mukono inakosea mustari, nakubali. Lakini ulisema kushoto kwako kulikuwa mutoni. Tazama kushoto ya mustari. Iko nini?"

Amédée alisogeza kidole chake kushoto ya mstari, akakirudisha.

"Iko mugongo ya mawe. Na kuume, ulisema mutoni ingine. Iko nini? Mugongo ya mawe. Mulima ya kweli iko na migongo mbili na mayi katikati. Weye ulinipa mitoni mbili na mugongo katikati. Na uliisikia ile mayi! Ilikufika ku magoti! Ilikubebea kofia, yulu ya mawe, pale mayi haiyafika tangu Mungu aumbe ile mulima! Ile haiko kosa ya mukono, Amédée. Mukono haina masikio. Ulisikia sauti ya mutoni mu picha."

"Nilikuwa nimechoka, nilichanganya..."

"Basi tuache mayi. Kama ulikuwa ku mugongo moja ya kweli, yoyote, nichagulie. Bega ya mulima inafunika pale udongo ilianguka." Noémie alipitisha mstari mwembamba kwenye vipimo vya rada, kutoka mgongo mmoja, kisha kutoka wa pili, mistari yote miwili ikagonga mlima kabla ya kufika penye maporomoko. "Ungemuona Kaumba kupitia mawe? Na kama ulikuwa ku mustari yako, ulikuwa chini ya mayi yenye kubeba miti, na viatu yako mikavu. Chagua, ndugu yangu. Ulikuwa wapi?"

Amédée alimgeukia Substitut. Labda alitegemea atasaidiwa, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamesoma, na baba zao walikuwa wamekaa benchi moja kanisani. Zacharie alikuwa anaitazama ile sahihi nzuri chini ya majibu.

"Monsieur Amédée," alisema, bila ukali. "Mama OPJ anakuuliza."

Shati jeupe lilikuwa limelowa kwapani. Amédée aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yake yakapanda mpaka kifuani.

"Kinkondja," alisema. "Nilikuwa ku Kinkondja. Ilikuwa inanyesha."

"Tangu siku gani?"

"Sikupanda hata siku moja. Guylain aliona mu rada kama mulima inatembea tangu Novemba. Alitaka tuhamishe bantu. Minyi nilishaandika ku mradi kama nilipanda, nikakanyaga, na udongo iko nguvu. Ningewaambia nini? Nilimuambia kama anaogopa, aende mwenyewe. Akaenda."

"Na Kaumba ulimuonea wapi?"

"Sikumuona. Balinieleza ku Kitobo kama jembe yake ilikuwa pale."

Ndaya hakusikia furaha. Alisikia hasira, safi, ya kutosha kujaza darasa lile, kwa sababu kila mtu katika mji ule alikuwa tayari kumpa kijana huyu mgongo wa mlima akalale juu yake, na mkulima akazikwe hai Lubumbashi. Alimwambia hivyo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kisha akamwita polisi aliyekuwa nje ya mlango, aje amchukue.

*

Alipofika cachot pamoja na Ndaya, Zacharie alikuwa ameshaandika karatasi nyingine. Alikuwa na haraka ya mtu anayetaka aibu ipite.

"Papa Kaumba, liberté provisoire. Mulango iko wazi. Toka, uende kwenu."

Kaumba aliomba asomewe. Ndaya akamsomea, akamweleza na yale aliyoyakiri Amédée. Karatasi ilikuwa mistari michache tu: mshtakiwa anaachiliwa kwa muda, uchunguzi unaendelea.

"Sitoke," alisema Kaumba.

"Namna gani hautoke?" Zacharie alishangaa. "Papa, treni ya kesho itaenda bila weye, shukuru Mungu!"

"Ile karatasi inasema munaniachilia. Haiseme nilifanya nini. Muliandika mbele ya bantu kama nilimuua. Sasa muandike kama nilikuwa namuchimbula." Alijikunja palepale ukutani, akafumbata mikono. "Mukiisha kuandika nitatoka. Kama hapana, funga mulango, minyi nilishazoea."

Substitut alimtazama Ndaya, kama kumwomba amwondoe mtu wake. Ndaya alivuta ndoo yake, akaketi kando ya Kaumba, mlango wazi mbele yao.

"Na minyi niko hapa, Monsieur le Substitut," alisema. "Leo siko na kazi ingine."

Polisi wa zamu walikuwa wamekusanyika koridoni, hakuna aliyecheka. Mwishowe Zacharie aliiweka karatasi juu ya mkoba wake, akaiweka kalamu tayari.

"Sema, basi. Naandika."

"Andika kama nilisikia mulima inalia. Kama nilikimbia kule na jembe, na nilikuwa peke yangu, sababu bengine balikimbia kushuka, na habakufanya kosa. Nilichimba mpaka jembe ikanitoka, nikachimba na mikono. Uliandika?"

"Niliandika."

"Nikafika ku mukono yake. Ilikuwa ingali moto, mama. Ilinikamata kidole, hii. Bibi yake ajue ile, kama hakukufa peke yake." Kaumba aliinua kile kidole akakionyesha, kwa Zacharie, kwa polisi wa koridoni, kwa kila mtu. "Na ku mwisho uandike hii: ule mukubwa yake angekuwa ku mulima sawa alivyoapa, tungekuwa bantu babili. Tungemutosha mu udongo muzima."

Zacharie aliinua kichwa. "Papa, ile haiko neno ya sheria."

"Andika."

Substitut aliandika.